Binti aliyegundua ubovu wa Datsun

Datsun 240Z yetu, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ilizimika ghafla barabarani binti yangu akiwa kando. Fundi akalaumu kabureta. Binti, miaka 12, akasema: "Baba, ukigusa ufunguo, taa za dashibodi zinazimika." Kweli!

Tulichomoa kwanza waya hasi wa betri (mzazi, hapo usiruke), tukafungua kifuniko cha chini ya usukani, tukapiga picha nyaya. Swichi imefungwa kwa skrubu ndogo nyuma ya loki, hivyo loki na ufunguo wa zamani vilibaki. Mpya ilipokaa, handibreki juu, gia frii, akawasha yeye. Lile rundo la funguo za nyumba, lililokuwa likining'inia pale, sasa lina msumari wake ukutani.