Gharama ya unga haipimwi kwa mizani

Mwalimu wa Kiswahili akiwataka wanafunzi wake waliweke neno "mteja" katika hali ya ukubwa, watamjibu bila kusita: "teja", wingi wake "mateja". Zoezi limekwisha. Katika mitaa ya Mombasa, Malindi na Lamu, hata hivyo, zoezi hilo lilifanywa zamani, wala halikufanywa na mwalimu. Mnunuzi wa heroini alipokonywa kiambishi cha watu akatiwa katika kundi la majitu na majoka. Nimewasikia watu wenye adabu zao wakisema "teja lile limepita hapa", kisha mlango ukafungwa kwa komeo.

Mwaka 2019 nilikwenda na wanafunzi wangu Mji wa Kale, Mombasa, kukusanya msamiati wa vijana. Daftari zao zilijaa upesi. Unga ni heroini. Kete ni kipimo chake kidogo kilichofungwa tayari kwa kuuzwa. Maskani ni pale wanapokutania, na arosto ni yale maumivu ya mwili yanayomshika mtu akiukosa. Msomaji ataona kwamba maneno haya, ukiondoa la mwisho, yametwaliwa nyumbani na barazani. Unga ndio uliosongwa ugali, kete zilichezewa bao, na maskani yalikuwa makazi ya mtu na ahali zake.

Katika pitapita hiyo tulikaribishwa barazani na bibi mmoja muuza mahamri. Mwanawe alikuwa seremala wa milango ya nakshi. Aliuza patasi kwanza, kisha msumeno, kisha randa. Vyombo vya kazi vilipokwisha zikafuata sufuria za mamake, halafu za jirani, na bibi akazilipa hizo za jirani kidogo kidogo ili amani ya mtaa isivunjike. Kwa hesabu yake, kijana alihitaji kete tatu kwa siku, kila moja shilingi 200. Hizo ni shilingi 18,000 kwa mwezi, fedha ambazo mahamri yake hayakuwahi kumpa kwa pamoja.

Mkewe kijana alirudi kwao, akawaacha watoto wawili kwa nyanya yao. Mkubwa, aliyekuwa darasa la saba wakati huo, aliamka kabla ya adhana ya alfajiri ili akande unga, ule wa ngano. Bibi alituonyesha barua kutoka shuleni: mtoto analala darasani, mzazi afike. Walimu wenzangu, barua kama hiyo nami nimepata kuiandika siku za nyuma, tena kwa maneno makali.

Sasa tazama tunavyoihesabu hasara hii hadharani. Mnamo Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilikamata jahazi nje ya pwani yetu likiwa na kilo 1,032 za heroini. Agosti mwaka uo huo meli Al Noor, iliyonaswa na zaidi ya kilo 300, ililipuliwa baharini Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Kila mara tulitangaziwa uzito, kisha thamani kwa bei ya mtaani. Lakini thamani hiyo ni pato alilolikosa mwuzaji! Ndiyo hasara yake yeye. Tumezoea kuipima dhiki ya Pwani kwa daftari la mfanyabiashara, na hatujishuku.

Sipuuzi kazi ya polisi wala ya mahakama. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha walipelekwa Marekani Januari 2017. Baktash akahukumiwa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Hukumu zilisomwa New York. Hapana shaka zilistahili, ila hazikumrudishia mtu sufuria.

Gharama nyingine huja taratibu. Utafiti wa mwaka 2011 ulikadiria kuwa kati ya watu 100 wanaojidunga dawa za kulevya nchini, 18 hivi walikuwa na virusi vya Ukimwi, kiasi kinachopita maradufu kile cha watu wazima kwa jumla. Tiba ya methadoni ilianza nchini Desemba 2014, ikafika Malindi mwaka 2015 na baadaye Mombasa. Ni dawa ya maji ambayo kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya muuguzi. Yeye haitozwi fedha; kinachotozwa ni nauli. Tena seremala anayepanga foleni ya dawa asubuhi hawezi kuwa karakanani wakati uo huo, na tajiri wa kumngojea ni adimu. Hivyo mtu hupona nusu, akawa hana arosto wala hana kazi, na nauli ya kwenda na kurudi ikatoka katika mahamri yale yale. Bajeti iliyonunua dawa ingalishindwa nini kununua na tiketi ya matatu?

Mwana wa bibi yule alikuwa na miezi saba akinywa dawa tulipoonana. Katika saa nzima tuliyokaa naye, bibi hakutamka neno "teja" hata mara moja. Alisema "mwanangu", na mara mbili alisema "fundi". Tulipoaga akatuambia kwamba ile randa alikwisha kuikomboa kwa muuza vyuma chakavu, ameifunga katika kipande cha kanga, imo mvunguni mwa kitanda chake. Kijana hajaambiwa.