Mafuriko ya Tana: Mwenye nyumba maskini atapata wapi msaada wa kuijenga upya?

WENYE nyumba za udongo katika Delta ya Tana wanajua kwamba maji yakishuka ndipo gharama inapoanza. Turubai, blanketi na unga huletwa wakati familia zingali kambini. Siku zinaporejea vijijini na kukuta kuta zimelala chini na paa limeegemea nguzo zilizooza, aghalabu magari ya misaada huwa yamekwisha kuelekea kwingine.

Swali la nani agharamie ukarabati wa nyumba ya maskini limezuka kutoka Garsen hadi Kipini baada ya kila gharika: ile ya El Nino ya 1997 na 1998, ya 2018, ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024. Majibu yake yametawanyika katika ofisi nyingi. Ipo misaada ya dharura, zipo ruzuku za wasiojiweza, ipo mikopo, na zipo sheria zinazotaja haki ya makazi. Hata hivyo, hakuna mlango mmoja ambao mwenye nyumba anaweza kuubisha akaambiwa kwamba hizi ndizo fedha za kuinua ukuta wake.

Kwa nini nyumba huanguka

Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini, hutiririka takriban kilomita 1,000 kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari Hindi. Mvua ikizidi katika nyanda za juu, mabwawa ya kuzalisha umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere hujaa, na maji ya ziada huteremka hadi Garissa, Hola na Garsen siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana kijiji cha delta kinaweza kufurika ilhali hapo penyewe hapajanyesha.

Yakishafika, maji hayo hayana pa kukimbilia kwa kuwa nchi ni tambarare. Huweza kutuama kwa wiki kadhaa. Nyumba nyingi za wakulima wa Kipokomo katika vijiji kama vile Ngao, Wema, Hewani na Idsowe hujengwa kwa nguzo, fito na udongo, kisha huezekwa kwa makuti, nyasi au mabati. Ukuta ukilowa kutoka chini hulainika na kumomonyoka, na nguzo ambazo tayari zimeliwa na mchwa huvunjika. Mabati huweza kuokolewa. Fito na udongo havina budi kutafutwa upya.

Wafugaji wa Kiorma na Wardei nao hupoteza nyumba zao, ambazo kwa desturi huwa kazi ya mikono ya wanawake. Mama anayejenga nyumba hiyo ndiye anayebeba mzigo wa kutafuta miti na nyasi za kuijenga tena.

Wala si maji pekee yaliyobomoa makao. Katika mapigano ya kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa na nyumba nyingi zikateketezwa katika vijiji kama vile Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Familia nyingi za delta, kwa hivyo, zimejenga zaidi ya mara moja katika kipindi cha umri wa mtoto mmoja.

Msaada wa dharura na mipaka yake

Mlango wa kwanza ni Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambalo kwa kawaida hutoa turubai, blanketi, neti, mitungi ya maji na vyombo vya kupikia. Mara nyingine, wafadhili wakipatikana, familia hutumiwa pesa kwa simu. Msaada huo huokoa maisha. Lakini turubai lililopigwa na jua la Tana halidumu, na pesa za mara moja huanzia kwenye chakula kabla hazijafika kwenye misumari.

Mlango wa pili ni serikali ya kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kila kaunti kuwa na hazina ya dharura, na malipo yake kwa mwaka hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Fedha hizo ni za mahitaji ya haraka ambayo hayakutarajiwa wakati wa kupanga bajeti. Hapo ndipo penye utata. Mafuriko yanayorudi kila baada ya miaka michache ni vigumu kuyaita yasiyotarajiwa, na kiasi hicho kidogo hugombewa na dawa, chakula, mashua na barabara zilizokatika.

Serikali ya kitaifa imewahi kutoa fedha za nyumba moja kwa moja. Katika Operesheni Rudi Nyumbani ya 2008, iliyofuata ghasia za baada ya uchaguzi, familia zilizohamishwa ziliahidiwa Sh10,000 za kuanzia maisha, na zile ambazo nyumba zao zilibomolewa ziliahidiwa Sh25,000 zaidi za kujenga. Mnamo Mei 2024, serikali ilitangaza Sh10,000 kwa kila familia iliyoondolewa kandokando ya mito jijini Nairobi. Wazo hilo, basi, si geni. Kilichokosekana ni kanuni inayosema ni lini hutolewa, kwa nani na kiasi gani, bila kungoja tangazo la kisiasa.

Kisheria, msingi upo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Sheria ya 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani inawatambua pia waliohamishwa na majanga ya kiasili, na inataja kurejeshewa nyumba, ardhi na mali miongoni mwa masharti ya suluhisho la kudumu. Nayo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, inayokata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na kumtaka mwajiri achangie kiasi sawa, inataja nyumba za mashambani kama mojawapo ya aina za makazi inayolenga. Mwalimu wa Tarasaa na muuguzi wa Ngao huchangia hazina hiyo kila mwezi. Hata hivyo, mpango huo umejikita zaidi katika kujenga nyumba mpya za kuuzwa kuliko kukarabati zile ambazo maskini tayari anazimiliki.

Ruzuku ya chakula yageuka ya ukuta

Fedha za kudumu zinazoifikia familia maskini ni zile za ruzuku za kijamii. Inua Jamii imekuwa ikilipa Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, watu wenye ulemavu mkubwa na familia zinazolea mayatima. Mpango wa kupambana na njaa unaojulikana kama HSNP, ulioanzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, ulipanuliwa baadaye hadi kaunti nyingine ikiwemo Tana River, nao umekuwa ukilipa Sh2,700 kwa mwezi.

Ruzuku hizi hazikukusudiwa ujenzi. Lakini mjane asiye na shamba lililosalia hana fungu jingine la kununulia misumari. Kila bati analolinunua ni mlo uliopunguzwa, na hiyo ndiyo gharama ya mafuriko isiyoonekana katika hesabu za waliofariki na waliohamishwa.

Mikopo nayo ina vikwazo. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 30, 2022, ilitoa mkopo wa mtu binafsi wa kati ya Sh500 na Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ukilipwa kwa siku 14. Muda huo humfaa mchuuzi wa samaki anayeuza kila siku. Nyumba haizai pesa katika siku 14, na mkulima aliyesombewa mpunga na migomba hana mavuno ya kulipia. Kwa kulinganisha, Marekani ina mpango wa ukarabati kwa wamiliki wa kipato cha chini mashambani, unaokopesha hadi dola 40,000 kwa riba ya asilimia 1 na kuruhusu miaka 20 ya kulipa.

Benki, kwa upande wao, huomba hatimiliki. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tana River ni ya jamii, na ardhi ambayo haijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 haiwezi kuwekwa rehani na mtu mmoja. Vyama vya akiba na vile vya kupokezana pesa ndivyo vinavyobaki, ingawa mafuriko huwakumba wanachama wote kwa siku moja, na wote hutaka zamu yao kwa pamoja.

Kuhama au kuinua nyumba

Baada ya kila gharika, maafisa huwasihi wakazi wahamie nyanda za juu. Ushauri huo una mantiki, lakini shamba la Mpokomo liko ukingoni mwa mto, ambako rutuba huletwa na maji hayo hayo. Nyanda za juu nazo ni malisho ya mifugo, na kuhamia huko bila makubaliano huweza kuamsha ugomvi wa zamani. Kwa sababu hiyo, uhamaji wowote wahitaji kwanza mapatano ya wazee wa pande zote kuhusu njia za mifugo kufikia maji.

Kwa wanaobaki, marekebisho ya gharama ndogo huleta tofauti. Sakafu huinuliwa kwa kifusi kilichoshindiliwa, na sehemu ya chini ya ukuta hujengwa kwa mawe au matofali ya kuchoma kabla ya kuanza udongo. Nguzo hupakwa oili chafu kuzuia mchwa. Paa huongezwa upana ili mvua isipige ukuta. Pia haifai kukandika kabla ardhi haijakauka, kwani ukuta uliojengwa juu ya tope hupasuka mapema. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika delta ufa huo huanzia chini.

Anachoweza kufanya mwenye nyumba

Misaada mingi hufuata orodha. Aliyepatwa na hasara anashauriwa kuripoti kwa mzee wa kijiji na naibu wa chifu mapema, kabla ya kubomoa mabaki, na kupiga picha za nyumba ikiwezekana. Kitambulisho na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake ni muhimu, kwa hivyo vinafaa kuwekwa ndani ya mfuko usiopenya maji msimu wa mvua unapokaribia. Orodha ikishaandaliwa, wakazi wana haki ya kuomba isomwe barazani ili waliosahaulika waongezwe. Ni vyema pia kila nyumba iandikwe kwa jina la anayeishi ndani yake, hasa wajane na wake wa familia kubwa, badala ya boma zima kuhesabiwa kama nyumba moja.

Funzo moja linatoka katika nchi nyingine ya mto na nyumba za udongo. Baada ya mafuriko ya 2022, mkoa wa Sindh nchini Pakistan ulianzisha mpango wa kujenga upya nyumba zaidi ya milioni 2. Kila familia ilitengewa rupia 300,000, zinazolipwa kwa awamu katika akaunti ya benki kadiri ujenzi unavyopanda kutoka msingi hadi paa. Mwenye nyumba ndiye anayejenga, na awamu inayofuata hutolewa baada ya kazi kukaguliwa.

Tana River, yenye watu 315,943 kwa mujibu wa sensa ya 2019, ni ndogo mno ikilinganishwa na Sindh, na utaratibu wa aina hiyo hauhitaji sheria mpya ili kuanza. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti huwasilishwa bungeni Hola kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, masika yakiwa yameshika kasi. Kati ya tarehe hizo, sheria inataka umma ushirikishwe. Fungu la ukarabati wa nyumba likiombwa katika vikao hivyo, na likaandikwa kwa jina lake, mafuriko yajayo hayatakuta familia ya Garsen ikichagua kati ya bati na unga.