Cheti cha Kuzaliwa Kisingoje Matokeo



Mtoto wa Manzese anaweza kufika Mlimani kwa nauli ya daladala moja au mbili. Majengo ya Chuo Kikuu anayaona. Lakini kuyaona majengo si kuingia darasani, na juma hili tuzungumzie kinachowazuia baadhi ya watoto wetu wa mijini waliofaulu.

Ada imeondolewa katika shule za serikali: kidato cha 1 hadi cha 4 tangu mwaka 2016, na kidato cha 5 na cha 6 tangu mwaka 2022. Shule za kata, ambazo zilijengwa kwa wingi baada ya mwaka 2004, zimewafikisha sekondari watoto wa mamalishe, wachuuzi na vibarua. Wengi wao ndio wa kwanza katika ukoo kuulizia habari za chuo, na nyumbani hakuna wa kuwajibu. Basi mzazi hufanya analoona ni la busara: hungoja matokeo kwanza.

Kungoja huko ndiko kunakoponza. Kwa kawaida mtihani wa kidato cha 6 hufanyika mwezi Mei na matokeo hutoka Julai. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, hupokea maombi kwa mtandao kwa muda maalumu tu. Mwombaji hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima huambatanisha cheti cha kifo cha mzazi. Pia zinahitajika sahihi za mdhamini na za viongozi wa serikali ya mtaa.

Sasa tazama mambo yanavyogongana. Mtoto wa Dar es Salaam aliyechaguliwa kidato cha 5 huweza kupangiwa shule ya bweni Tabora au Iringa. Akimaliza, huenda akaitwa JKT. Kwa hiyo siku za kutafuta karatasi, mwenye shida ya karatasi hayupo. Ofisini nako inagundulika kwamba cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, na cha shule hakina. Kusahihisha majina ni kazi ya siku nyingi, na dirisha la maombi halimngoji mtu.

Tufanye nini basi? Kwanza, mzazi atafute cheti cha kuzaliwa mtoto angali kidato cha 1 au cha 2, na ahakikishe majina ni yale yale yaliyoandikwa shuleni kabla hayajapelekwa Baraza la Mitihani. Pili, familia inayosaidiwa na TASAF itunze namba yake ya kaya, kwani ni ushahidi wa hali ya nyumbani. Tatu, mtoto anapokwenda bweni, nakala za karatasi zote zibaki nyumbani kwa mtu mmoja anayejulikana.

Wapo wazazi wanaouogopa mkopo kama wanavyoogopa deni la mtaani. Deni hili hulipwa na aliyesoma: akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongeza deni kila mwaka ilifutwa mwaka 2021. Hata hivyo mdhamini aisome fomu kabla ya kutia sahihi.

Wala tusiwasahau wasiopata nafasi ya kidato cha 5. Ufaulu wa masomo manne ya kidato cha 4, yasiyo ya dini, ndio kiwango cha chini cha kusomea stashahada, ingawa baadhi ya kozi hudai zaidi. Tangu mwaka 2023 mikopo imefika pia katika baadhi ya kozi za stashahada. Anayefanya vizuri huko huweza kuendelea na shahada. Njia hii ni ndefu kidogo, lakini inafika.

Walimu wakuu nao wana la kufanya. Kikao kimoja cha wazazi kila Januari, ajenda ikiwa karatasi tu, hakihitaji bajeti. Mwalimu aliyepita njia hiyo aeleze, na mwenyekiti wa mtaa awepo asikie.

Mtoto akikwama kwa kufeli, tutamhimiza arudie mtihani. Akikwama kwa karatasi ambayo ingeweza kupatikana miaka minne kabla, tutamwambia nini?