Maharage meusi ya Cuba: siki huingia mwisho

Mpishi wa Havana haitii siki kwenye maharage meusi mpaka yameiva na kulainika kabisa. Maharage hayo, yenye mchuzi mzito unaonukia jira na kitunguu saumu, huliwa kwa wali mweupe, na ndiyo yanayopendwa magharibi mwa kisiwa; upande wa mashariki wengi huchagua mekundu. Mpangilio wa upishi wake umerithiwa jikoni kizazi baada ya kizazi, na kemia ya leo inauunga mkono karibu kila hatua.

Kuta za chembechembe za harage zimeshikwa na pektini. Maji ya moto huilegeza pektini hiyo polepole, lakini asidi huifanya ing'ang'anie. Tia siki, nyanya au ndimu mapema, na baada ya saa tatu maharage bado yatakuwa magumu kama kokoto. Maji yenye kalsiamu nyingi yana tabia hiyohiyo, na maharage yaliyokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu nayo hugoma kuiva. Chumvi inasingiziwa bure. Ukiiweka kidogo kwenye maji ya kulowekea, sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu kwenye ganda, na ganda hulainika. Magadi yanaivisha haraka, hilo halina ubishi, ila yakizidi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Kwa maharage mazuri ya msimu huu sioni haja ya kuyatumia.

Loweka nusu kilo usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya. Baadhi ya wapishi wa Cuba hupikia maji yaleyale ili kulinda weusi, kwa kuwa rangi ya ganda, iitwayo anthosiyanini, huyeyuka majini. Mimi nasema yamwage. Ndani yake mna sukari za rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha, na tumbo hujaa gesi. Mchuzi utakuwa mweusi vilevile.

Sasa jambo ambalo halina mjadala. Harage bichi la jamii hii, liwe jeusi, jekundu au jeupe, lina lektini, protini inayoweza kumletea mtu kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Maharage mekundu ndiyo yenye sumu hiyo kwa wingi zaidi, na punje nne au tano tu mbichi zinatosha kumwangusha mtu. Dakika 10 za kuchemka kwa nguvu, mapovu yakipanda, huiharibu. Wataalamu wa Marekani wanashauri zifike 30 ili kuwa na uhakika. Moto wa chini ya nyuzi 80 haufai, na unaweza hata kuifanya sumu hiyo iwe kali zaidi. Kwa hiyo mwenye jiko la umeme la kupika polepole, au anayetumia kapu la kutunza joto kama yanayotumika Kenya na Tanzania, lazima achemshe kwanza motoni ndipo ahamishie huko. Sufuria ya presha haina shida hiyo, maana ndani yake joto hukaribia nyuzi 120. Mwaka 2005 serikali ya Cuba ilianza kusambaza sufuria hizo kwa familia ili kupunguza matumizi ya nishati.

Maharage yachemke pamoja na nusu ya pilipili hoho, kisha yaive kwa moto mdogo saa moja hadi mbili. Pembeni kaanga kitunguu maji, hoho iliyobaki na vitunguu saumu kwenye mafuta ya zeituni, ongeza jira na oregano. Wacuba huuita mkaango huo sofrito. Hapo mpishi huteka upawa mmoja wa maharage, akauponda ndani ya kikaango mpaka uwe uji, ndipo akauunga kwenye sufuria. Wanga uliopondwa ndio unaoupa mchuzi uzito wake. Siki kijiko kimoja na sukari kidogo hufuata, dakika kumi kabla ya kuepua.

Kikombe kimoja cha maharage meusi yaliyoiva kina karibu gramu 15 za protini na kiasi kama hicho cha nyuzinyuzi, pamoja na foleti ambayo mjamzito anaihitaji sana. Protini yake ina lisini nyingi na methionini kidogo. Wali una kinyume chake, hivyo vikikutana sahani moja vinakamilishana. Madini ya chuma ya maharage hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C husaidia: kula na chungwa au kachumbari yenye ndimu, na chai isubiri saa moja hivi. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu azungumze kwanza na daktari wake, kwa kuwa maharage haya yana potasiamu nyingi.

Wacuba wengi huyapenda zaidi siku ya pili, mchuzi ukiwa umeganda na viungo vimekolea. Lakini yasilale mezani. Yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kuepuliwa, yakiwa kwenye vyombo vifupi ili yapoe upesi, na kesho yake yachemke tena mpaka katikati kabla ya kupakuliwa.