Fahamu: Sera inayombana hata mkuu wa seva

Chukua seva ya ofisi mjini Kayanga, Karagwe, ambayo fundi wake anakaa Dodoma. Hapandi basi, anaingia kwa SSH, itifaki aliyoibuni Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995 baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake. Mazungumzo yanafichwa, sawa. Je, programu inayopokea wageni ikiwa na tundu? Julai 2024 lilitangazwa moja ndani ya OpenSSH, programu ya SSH inayotumika sana, likaitwa regreSSHion, lenye uwezo wa kumkabidhi mvamizi mamlaka yote.

Ndiyo sababu ya SELinux, kinga ya ziada ya Linux iliyotolewa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, mwaka 2000. Kila programu, faili na mlango wa mtandao hupewa lebo; kiini cha mfumo hukagua lebo hizo, na hata root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, hana ubishi. Simu za Android zinaitumia pia.

Ugumu ni kwamba huduma ya SSH kazi yake ni kuwafungulia watu, hivyo haibaniki kirahisi. Sera ya SELinux, yaani kanuni zake, hupanga kikao kiangukie jukumu gani, na mipangilio ya kawaida humwachia mtumiaji uhuru mwingi mno, kwa maoni yangu.

Fundi akihamisha huduma kutoka mlango 22 kwenda 2222, inagoma kuwaka, kwa kuwa SELinux haiutambui mlango huo kuwa wa SSH. Wengi huizima SELinux yote papo hapo, wakiacha seva wazi. Dawa ni amri moja ya semanage, inayoupa mlango mpya lebo ya SSH.