Diski ya Sinema Ikikataa, Tusiihukumu Upesi



Jioni moja alitujia jirani yetu, mama mjane, mkononi ana diski ya DVD aliyoifunga katika kitambaa safi. Ndiyo picha ya arusi ya binti yake wa kwanza, mwaka 2007. Katika picha hiyo marehemu mumewe anasimama mbele ya wageni na kuwapa watoto maneno ya baba. Sauti yake haikuhifadhiwa mahali pengine popote. Binti mdogo, aliyekuwa mgongoni siku ile, sasa anaolewa naye, na ombi lake lilikuwa moja tu: kumsikia baba yake.

Lakini kompyuta yao ya zamani ilikataa kuonyesha kitu. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kutoa hukumu: diski imekufa, na mashine ni ya kutupa. Sisi tulimwomba mama tuione mashine hiyo kwanza. Tuliyoyafanya tunawasimulieni hapa kwa utaratibu, maana nyumba nyingi zina diski za namna hiyo sandukuni.

Kwanza: je, mashine yaweza kuisoma?

Diski zote hizi zafanana kwa macho: upana sentimeta 12, unene milimeta 1.2. Lakini CD hubeba megabaiti 700 hivi, na DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, kwa kuwa alama zake ni ndogo zaidi na zimesongamana. Kisanduku kinachomeza diski, ambacho tutakiita kisomeo, husoma alama hizo kwa mwali wa mwanga. Mwali wa DVD ni mwekundu, wa nanometa 650. Wa CD ni wa nanometa 780. Wa Blu-ray ni wa nanometa 405. Basi, kisomeo cha CD tu hakitasoma DVD hata ukikisihi mchana kutwa, wala kisomeo cha DVD hakitasoma Blu-ray. Tazama maandishi yaliyo mlangoni mwake. Cha mama kiliandikwa DVD, tukaendelea.

Pili: usafi, na shahidi wa pili

Tuliipangusa diski kwa kitambaa laini cha pamba chenye maji kidogo, toka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha mkono. Sababu yake ni hii: habari zimeandikwa katika njia moja inayozunguka kama kamba iliyoviringishwa. Mkwaruzo unaoikata njia huacha pengo fupi, na mashine huweza kulisahihisha. Lakini mkwaruzo unaoifuata njia hufuta habari nyingi mfululizo. Petroli na dawa kali zisitumike kamwe.

Kisha tulitia DVD nyingine tuliyoijua kuwa ni nzima. Yafaa iwe DVD, si CD, maana mwali wa CD waweza kuwa mzima na wa DVD umefifia. Kama DVD zote zinakataa, ugonjwa waelekea kuwa katika kisomeo, na dawa yake ni kununua kisomeo cha nje kinachochomekwa kwa USB. Kwetu kisomeo kiliitambua DVD ile nyingine. Halafu tuliifungua diski ya mama kama mtu afunguavyo folda. Ndani tulikuta folda iitwayo VIDEO_TS, imejaa mafaili. Moyo wetu ukatulia: diski haikuwa imekufa!

Kumbuka pia: diski iliyorekodiwa nyumbani ikionekana tupu, huenda haikufungwa na mashine iliyoirekodi. Irudishwe kwenye mashine hiyo, au ya aina ileile, ikamilishwe.

Tatu: mfasiri

Picha za DVD zimebanwa kwa namna iitwayo MPEG-2, na kompyuta huhitaji programu ya kuzifasiri. Kompyuta ya mama ilitumia Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, nayo haikuja na mfasiri huyo. Windows 7 ilikuwa naye katika matoleo yake makubwa, lakini tangu Windows 8 ya mwaka 2012 aliondolewa tena. Ndiyo maana watu wengi walioweka Windows mpya katika kompyuta ya zamani walishangaa kuona sinema zao zimenyamaza, hali hakuna kilichovunjika.

Dawa ni programu iitwayo VLC. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa École Centrale huko Paris, na tangu mwaka 2001 inatolewa bure kwa watu wote. Tuliileta katika flashi, tukaiweka. Mara, picha ikatokea!

Nne: kigugumizi

Lakini furaha yetu haikudumu. Picha ilirukaruka, sauti ikakatika, maneno ya marehemu yakawa vipande vipande. Tulidhani labda fundi alisema kweli. Kumbe sababu ilikuwa nyingine. Windows XP ikikutana na makosa sita katika kusoma, kwa mfano kwa ajili ya diski chafu, huacha njia ya haraka iitwayo DMA na kushika njia ya zamani, PIO. Hapo kichwa cha kompyuta hulazimika kubeba kila mzigo chenyewe, hata kikakosa nafasi ya kufasiri picha. Na diski ikisafishwa baadaye, haijirudishi yenyewe.

Tulifungua orodha ya vifaa vya kompyuta, tukatafuta njia ya IDE iliyounganishwa na kisomeo, tukakuta kweli imeandikwa PIO. Tuliiondoa njia hiyo katika orodha, tukazima kompyuta na kuiwasha. Windows iliitambua upya, nayo ikarudi DMA.

Diski za dukani

Sinema zilizonunuliwa zina jambo moja zaidi. Watengenezaji waligawa dunia katika maeneo yenye namba: Kongo imo katika eneo la 5, Ulaya ya Magharibi katika la 2, Marekani katika la 1. Kisomeo huruhusu namba ibadilishwe mara 5 tu, na kuweka Windows upya hakufuti hesabu hiyo. Basi mtu asiibadilishe ovyo kwa kila sinema anayoazima. Namba ya mwisho itabaki daima.

Neno la mwisho

Usiku ule jamaa wote walikaa mbele ya kioo kidogo. Baba akasimama, akakohoa kidogo, akaanza kusema. Hakuna aliyenong'ona mpaka alipomaliza. Binti yule alimtazama mama yake, akasema, "Kumbe ndiyo sauti yake." Kabla ya kulala tulinakili folda yote ya VIDEO_TS katika kompyuta na katika flashi mbili, maana diski za kurekodiwa hufifia kwa jua na miaka.

Ndugu wasomaji, kama tungalisikiliza hukumu ya kwanza, sauti ile ingalitupwa jalalani, na kosa lilikuwa mfasiri aliyekosekana na njia iliyobadilika. Pimeni kitu kimoja kimoja, kwa zamu: kisomeo, diski, programu, njia. Mwenda pole hajikwai.