Salio la Fundi: Lini Mtu wa Kawaida Aweza Kudai Haki Yake Mahakamani

Tuseme yuko fundi seremala katika mtaa wa Majengo, Mombasa, aliyeagizwa vitanda sita vya mbao za saipresi na mwenye nyumba ya wageni, kwa bei ya shilingi 15,000 kila kimoja. Akapokea arubuni ya shilingi 30,000 kwa simu, akanunua mbao, akapiga randa, akatia vanishi, akavipakia vitanda katika mkokoteni na kuvipanga vyumbani kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaambiwa arudi kesho kuchukua salio lake la shilingi 60,000; na kesho ikawa juma, na juma likawa mwezi, hata simu zake zikawa hazipokewi tena. Fundi huyu hakuvunjiwa nyumba usiku wala hakuporwa njiani, na pengine aliyemdhulumu humwamkia vizuri wakutanapo msikitini au sokoni. Walakini jasho lake limekaliwa na mtu mwingine, na hiyo ni dhuluma kamili, hata ikiwa haina kelele.

Aghalabu watu waliofikwa na kadhia kama hii hushika moja ya njia tatu. Wa kwanza humwachia Mungu, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukamtia ujasiri yule mdhalimu amfanyie na mtu mwingine. Wa pili hukimbilia kituo cha polisi, asijue ya kuwa deni tupu, lisilo na udanganyifu wa tangu mwanzo, si kosa la jinai, na kwamba kazi ya polisi si kukusanya madeni ya raia. Wa tatu huwatafuta vijana wenye misuli wakamtishe mdaiwa au wakamchukulie televisheni yake, naye kwa tendo hilo akajigeuza, kutoka mdai mwenye haki, akawa mshtakiwa mwenye kosa. Njia ya nne, ambayo ndiyo iliyo salama, ni ya mahakama. Nayo huachwa si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu watu wengi hudhani iliwekwa kwa ajili ya matajiri na mawakili wao. Nia ya makala haya ni kuiondoa dhana hiyo kwa kueleza sheria ya Kenya ilivyo.

Kwanza yafaa kujua ni lini mtu huwa na haki ya kushtaki. Mahakama ya madai haiulizi ni kwa kadiri gani moyo wa mtu umeumia. Huuliza mambo matatu. Je, yule unayemshtaki alikuwa na wajibu juu yako, ama kwa mapatano, ama kwa sheria? Je, aliuvunja wajibu huo? Na je, kwa kuuvunja, umepata hasara iwezayo kuhesabiwa? Fundi wetu ana majibu ya maswali yote matatu. Kadhalika anayo mtu aliyekopesha fedha zisirudishwe, aliyelipia bidhaa zisiletwe au zikaletwa mbovu, aliyegongewa pikipiki yake na dereva mzembe, na aliyemwazimisha jenereta jirani ambaye sasa amekataa kuirudisha. Lakini mtu aliyekasirishwa tu na maneno ya dharau, au aliyeahidiwa zawadi ya arusi isiyotolewa, ana huzuni, shauri hana.

Wengi huuliza kama mapatano ya mdomo yana nguvu. Yana nguvu, maadamu yaweza kuthibitishwa, na biashara nyingi za pwani na bara zimesimama juu ya mapatano ya namna hiyo tangu zamani. Hata hivyo, Sheria ya Mikataba ya Kenya imetenga mambo ambayo neno la mdomo halitoshi. Mauzo ya ardhi sharti yaandikwe, yatiwe saini na pande zote, na saini hizo zishuhudiwe. Aliyenunua kiwanja kwa kupeana mikono chini ya mwembe hawezi kuiomba mahakama imlazimishe muuzaji, na aghalabu hubakia na dai la kurudishiwa fedha zake tu. Dhamana nayo ni vivyo hivyo: yule aliyesema mbele ya kadamnasi kwamba atalipa yeye iwapo nduguye atashindwa, hashtakiki kwa ahadi hiyo isipokuwa imeandikwa na ametia saini.

Swali la pili ni la mlango upi wa kubisha. Katika mwaka 2016 Bunge la Kenya lilitunga sheria ya kuanzisha Mahakama ya Madai Madogo, na mwezi wa Aprili 2021 mahakama ya kwanza ya namna hiyo ikafunguliwa Milimani, Nairobi, kisha nyingine zikafuata katika miji mingine, Mombasa ikiwamo. Hapo awali sheria iliweka kikomo cha shilingi 200,000, lakini kwa marekebisho ya mwaka 2020 kikomo kiliinuliwa hata kufika shilingi milioni moja. Mahakama hii husikiliza madai yatokanayo na uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma, fedha ambazo mtu amezishika ilhali ni za mwenziwe, hasara iliyofanywa juu ya mali, kurudishwa kwa vitu vihamishikavyo, na fidia ya majeraha ya mwili. Mwenye kuiongoza huwa ni wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu. Shauri lapasa kumalizika katika muda wa siku 60 tangu lilipofunguliwa. Mahakama haifungwi kwa ukali na kanuni za ushahidi zifungazo mahakama nyingine. Na mtu aruhusiwa kujisimamia mwenyewe, akasema kwa Kiswahili chake. Atakayeona hukumu imekosea katika sheria aweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini juu ya hoja za sheria tu, si kwa kurudia kusimulia mambo yaliyotokea.

Mlango huo, hata hivyo, haukufunguliwa kwa kila jambo. Ugomvi juu ya nani mwenye ardhi, madai ya kuchafuliwa jina, na mahitilafiano ya mwajiri na mwajiriwa hayaingii humo. Mambo ya ardhi na ya kazi yamewekewa mahakama zake makhususi. Mpangaji wa duka anayegombana na mwenye jengo ana baraza lake la kodi za majengo ya biashara. Na Waislamu wenye ikhtilafu ya mirathi, ndoa au talaka, iwapo pande zote wanakubali, humwendea Kadhi, ambaye mamlaka yake yametajwa katika Katiba ya mwaka 2010. Dai la fedha lipitalo milioni moja huenda kwa hakimu wa kawaida, ambaye kwa sheria ya mwaka 2015 aweza kusikiliza madai ya kuanzia kikomo cha shilingi milioni 5 hata milioni 20, kwa kadiri ya cheo chake. Wala mdai asijaribu kuligawa deni moja la milioni mbili kuwa mashauri mawili ili apate kupenya mlango mdogo, maana sheria yataka dai la jambo moja liletwe zima.

Jambo la tatu, nalo ndilo liwaangushalo watu wengi wenye haki, ni muda. Haki ya kushtaki haikai milele. Kwa mujibu wa sheria ya ukomo wa mashauri, dai litokanalo na mkataba lina miaka 6, likihesabiwa tangu siku ambayo mapatano yalivunjwa. Dai la uzembe au uharibifu lina miaka 3. La kuchafuliwa jina lina mwaka mmoja. Na la kurudishiwa ardhi lina miaka 12. Dhidi ya Serikali muda ni mfupi zaidi: mwaka mmoja kwa madhara, na miaka 3 kwa mkataba. Mtu aliyesubiri kwa haya za ujirani, au kwa kupewa ahadi baada ya ahadi, aweza kujikuta mbele ya mahakama akiwa na ukweli wote mkononi, na bado akaambiwa amechelewa. Kuna rehema moja katika sheria hii, nayo yafaa ikumbukwe: mdaiwa akiliungama deni kwa maandishi na kutia saini, au akilipa sehemu yake, saa ya sheria huanza kuhesabu upya tangu siku hiyo. Kwa hiyo yule fundi, hata kama hana haraka ya kushtaki, afanye haraka ya kupata mstari mmoja wa maandishi.

Na hapa tumefika penye neno ambalo wazee walilisema kabla ya mahakama yoyote kujengwa: mali bila daftari hupotea bila habari. Shauri la madai huamuliwa kwa kupima ni upande upi ulio karibu zaidi na ukweli, na kipimo hicho hujazwa kwa ushahidi. Fundi wetu hana mkataba wenye muhuri, lakini akitazama vizuri ataona kwamba mikono yake si mitupu. Ana ujumbe wa simu uonyeshao arubuni iliingia tarehe gani na kutoka kwa nani. Ana maandishi ya mazungumzo ambamo mteja alisema, "Fundi, vitanda vimefika, nivumilie mwisho wa mwezi". Ana stakabadhi ya duka la mbao. Ana picha ya vitanda vikiwa vyumbani. Na ana yule kijana wa mkokoteni, aliyeviona vikipokewa kwa macho yake. Asiufute ujumbe hata mmoja, asibadilishe simu kabla ya kuuhifadhi, na mambo yote ayaandike kwa mpango wa tarehe, ya kwanza mwanzo na ya mwisho mwisho, maana mwamuzi ataielewa hadithi iliyonyooka kuliko iliyojaa malalamiko.

Baada ya hayo, mdai hamvamii mwenziwe kwa shauri la ghafula, bali humwandikia barua ya kudai. Barua hiyo haihitaji maneno makali: itaje mapatano yalikuwa nini, nini kimetimizwa, kiasi gani kimesalia, na siku ambazo mdaiwa amepewa alipe kabla ya kushtakiwa. Madeni mengine hulipwa papo hapo kwa barua kama hiyo, kwa kuwa mdaiwa hutambua kwamba mchezo umekwisha. Na barua isipojibiwa, nakala yake huwa ushahidi kwamba mdai alitafuta amani kwanza. Tena ahakikishe amemtaja mdaiwa aliye wa kweli. Ikiwa mapatano yalifanywa na kampuni iliyosajiliwa, ishtakiwe kampuni kwa jina lake, si meneja aliyepokea vitanda, maana sheria huihesabu kampuni kuwa ni mtu mbali na wale wanaoiendesha.

Siku ya kusikilizwa, mdai afike mapema, na karatasi zake katika jalada moja pamoja na nakala za kutosha. Aeleze yaliyotokea bila kutia chumvi, ajibu aliloulizwa, wala asiogope kukiri lile lililo dhidi yake. Ikiwa kitanda kimoja kilikuwa na mguu uliolegea, na aseme, kwa sababu mtu akionekana mwaminifu katika dogo lake, huaminiwa katika kubwa lake. Na mwamuzi akipendekeza suluhu, asiidharau. Shilingi 60,000 zilipwazo kwa miezi mitatu, kwa mapatano yaliyoandikwa na kupitishwa na mahakama, huenda zikamfaa fundi, na kumwachia jirani yake, kuliko ushindi unaomwacha na karatasi tu.

Maana yapasa kusema kweli: hukumu peke yake si fedha. Mdaiwa akikaidi, mshindi hurudi mahakamani kuomba amri itekelezwe, na hapo dalali aliyepewa leseni aweza kukamata mali ya mdaiwa na kuinadi, ingawa sheria inamhifadhia mdaiwa vitu vya lazima, kama vile matandiko, vyombo vya kupikia na zana za kazi yake. Kwa hiyo kabla ya kufungua shauri, mtu mwenye busara hujiuliza pia kama anayemshtaki ana mali au mapato yawezayo kufikiwa. Kudai haki kwa asiye na kitu ni halali, lakini gharama na muda utumikao lazima vitiwe katika hesabu.

Katiba ya Kenya, katika kifungu chake cha 48, imeiamuru Serikali ihakikishe kwamba kila mtu aifikia haki, na kwamba ada yoyote itozwayo iwe ya kiasi, isiwe kizuizi. Neno hilo limeandikwa kwa ajili ya fundi, mama muuza mboga, mvuvi na mpangaji, na halitakuwa na maana ikiwa wao wenyewe watabaki vibarazani wakihesabu hasara zao. Ewe msomaji, ikiwa kuna mtu anayekaa na haki yako, toa daftari lako leo, tazama tarehe ambayo mapatano yalivunjwa, hesabu miaka iliyopita na iliyobaki, kisha andika barua yako ya kudai. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Na ikiwa mwenye deni amekataa kuinywa dawa hiyo kwa hiari, mahakama imewekwa ili anyweshwe kwa sheria, pasipo ngumi wala matusi.